Nilichora Mto Unaopanda Mlima: Kwa Wewe Uliyefeli Jiografia

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji mmoja: "Kaka, nimekariri daftari zima la jiografia, nimekesha wiki mbili, matokeo yametoka nina 31. Nifanyeje?" Chini yake akaweka swali la ndege lililomshinda. Nilisoma ujumbe ule mara tatu, nikaweka simu chini. Mimi nilipata 34, na siku ile naikumbuka mpaka leo.

Sikuwa mvivu. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu aliyekuwa anatufundisha hakulielewa. Alisimama mbele ya darasa na karatasi yangu mkononi, akaiinua wote waione, akasema kuna watu wanakuja kujaza viti tu. Darasa likacheka. Kwenye karatasi ile nilikuwa nimechora mto unaopanda mlima. Miaka imepita, lakini kila nikifungua ramani yenye kontua kicheko kile hunirudia, na najua wiki hii hii kuna mtu mahali fulani naye amechekwa.

Nilifikaje pale? Daftarini niliandika kwamba kontua ni mstari unaounganisha sehemu zenye kimo sawa kutoka usawa wa bahari. Ungeniamsha saa 8 usiku ningekutajia bila kukosea neno. Ila nilipowekewa ramani yenyewe, nikaona kontua zimejikunja kama herufi V, moja nyuma ya nyingine, nikadhani ncha ya V ni mshale wa kuonyesha maji yanakokwenda. Nikafuata ncha. Mto wangu ukaanzia mita 1,200 ukaishia mita 1,460, na namba hizo zilikuwa zimeandikwa palepale kwenye mistari. Sikuzitazama.

Ukweli ni huu. Bondeni, ncha ya V huelekea juu, mto unakotoka. Jiweke wewe mwenyewe pale: unatembea ubavuni mwa mlima, hutaki kupanda wala kushuka, na mbele yako kuna bonde. Itabidi uingie ndani kuelekea chanzo cha mto, uvuke mahali penye kimo kilekile, kisha urudi nje upande wa pili. Njia yako imeshachora V. Kwenye mgongo wa mlima unaotokeza nje mambo hugeuka, ncha huelekea chini. Nilipoelewa hivi sikuhitaji tena kukariri lipi ni bonde na lipi ni mgongo.

Kwenye skeli, yaani uwiano wa umbali wa ramanini na umbali halisi ardhini, niliumia pia. Kwenye ramani ya 1:50,000 nilipima sentimita 7 nikaandika kilomita 35. Jibu ni 3.5, kwa sababu sentimita 1 pale ni mita 500. Halafu nikasema skeli ya 1:250,000 ni kubwa kuliko 1:50,000 kwa kuwa namba yake ni kubwa. Ni kinyume. Moja ukiigawa kwa 50,000 unapata kipande kikubwa kuliko ukiigawa kwa 250,000, kama vile nusu inavyoizidi robo. Ramani ya skeli kubwa huonyesha eneo dogo kwa undani.

Miezi iliyofuata sitaisimulia yote. Nilisoma, nikachoka, nikasoma. Kilichonigeuza ni ukanda wa karatasi. Nilikata karatasi nyembamba kama rula, nikalaza ukingo wake juu ya ramani kutoka pointi A hadi pointi B, nikaweka alama ya penseli kila kontua ilipokatiza ukingo ule na kuandika kimo chake. Kisha nikauhamishia ukanda chini ya karatasi ya grafu, nikapandisha kila alama hadi kimo chake, nikaunganisha nukta. Mlima ukatokea. Pale kontua zilipobanana kwenye ramani, kwenye grafu palikuwa na mteremko mkali. Pale zilipoachana, palikuwa na uwanda. Nilikaa nikiutazama mlima ule muda mrefu. Ni mimi niliyeutoa kwenye mistari ile, kwa mkono wangu.

Tangu siku ile sijasoma mada yoyote ya jiografia bila penseli. Huo ndio ushauri wangu, na nitaurudia mpaka uchoke kuusikia: chora.

Chukua saa za dunia. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, hivyo digrii 15 ni saa moja na digrii 1 ni dakika 4. Hilo kila mtu analo daftarini. Nikaulizwa: mahali palipo longitudo 30 Mashariki ni saa 4 asubuhi, je, longitudo 75 Magharibi ni saa ngapi? Nikatoa 30 kwenye 75, nikapata 45, nikasema tofauti ni saa 3. Nilikosa kwa sababu sikuchora. Piga mstari mmoja mlalo, weka longitudo sifuri, ile inayopita Greenwich kule Uingereza, katikati, 30 kulia, 75 kushoto. Macho yenyewe yatakuambia kwamba kutoka huku hadi kule unapita katikati, kwa hiyo unajumlisha: digrii 105, saa 7. Mashariki hutangulia, Magharibi hufuata. Kule bado ni saa 9 usiku. Sehemu zote mbili zikiwa upande mmoja wa Greenwich, unatoa. Ila kumbuka nchi nyingi hupanga saa zao kwa mipaka na matakwa yao: China ni pana mno, lakini yote hutumia saa moja, na India iko mbele ya Greenwich kwa saa 5 na nusu. Swali likitaja longitudo, fuata longitudo.

Kwenye mabamba ya dunia, yaani vile vipande vikubwa vya tabaka la juu la dunia vinavyosogea polepole, nilikuwa nakariri majina tu. Nilijua yote saba makubwa kwa mpangilio, ila nilipoulizwa kwa nini milima ya Andes ina volkeno hai na Himalaya haina, nikaacha nafasi tupu. Baadaye nikachora michoro miwili kando kwa kando. Kwenye Andes, bamba la Nazca ni la sakafu ya bahari, zito, linazama chini ya Amerika Kusini. Linazama na maji ndani yake, maji hayo yakifika kwenye miamba yenye joto kali huifanya iyeyuke kwa urahisi zaidi, na uji huo wa moto hupanda. Kwenye Himalaya, India na Asia zote ni ardhi ya bara, nyepesi. Hakuna inayokubali kuzama kama bamba la bahari, basi zikajikunja na kurundikana mpaka kileleni mwa Everest, mita 8,849, ambako kuna miamba ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Ukishaichora mara moja, utajiuliza ulikuwa unakariri nini.

Na hapa namkumbuka Alfred Wegener, mwanasayansi wa Ujerumani. Mwaka 1912 alisema mabara yalikuwa pamoja kisha yakaachana, akionyesha jinsi pwani za Amerika Kusini na Afrika zinavyoingiana. Wakubwa wa fani wakambeza, hasa kwa kuwa hakuweza kueleza nguvu gani inayasukuma. Alifariki Greenland mwaka 1930. Ilibidi sakafu ya bahari ichunguzwe ndipo miaka ya 1960 wanasayansi wengi wakakubali kwamba mabara husogea kweli. Ukichekwa darasani, mkumbuke mtu huyu. Mimi alinisaidia sana.

Nishati nitaipita haraka, maana ukishapata mabamba umeshapata nusu yake. Weka karatasi inayopitisha mwanga juu ya ramani ya mipaka ya mabamba, tia nukta palipo na umeme wa jotoardhi: Iceland, Olkaria kwenye Bonde la Ufa, Indonesia, New Zealand. Nukta zitaangukia kwenye mipaka, au pale bamba linapopasuka. Makaa ya mawe nayo yapo palipokuwa na misitu ya vinamasi mamilioni ya miaka iliyopita, na umeme wa maji hutaka vitu viwili, maji mengi na mporomoko. Usikariri orodha ya nchi. Uliza kwa nini pale, kisha chora.

Niliporudia mtihani nilipata 81. Yule aliyeniinulia karatasi hakusema neno, na sikuhitaji aseme. Najua na wewe hutaki kupita tu, unataka karatasi yako ikiinuliwa iinuliwe kwa sababu nyingine. Basi acha kukesha na daftari. Mtu anayekariri maelezo ya ramani bila ramani anajichosha, na hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu nilijichosha mwaka mzima.

Sasa swali lako la ndege, mdogo wangu. Inaondoka longitudo 45 Mashariki saa 5 usiku, inaruka saa 9, inatua longitudo 0. Usianze na hesabu. Piga mstari, weka sifuri katikati, weka 45 kulia. Chini ya 45 andika saa 5 usiku, ongeza zile saa 9 za safari palepale bila kusogea, uone saa ya kule ilikotoka itasomaje wakati inatua. Ndipo uhame kwenda kushoto digrii 45, ukirudisha nyuma saa moja kwa kila digrii 15. Utapata kabla ya jua kuchomoza, siku inayofuata. Nipigie picha mchoro wako unitumie, hata kama umekosea.