Simbilisi na mtamba wapi na wapi? Majibu ya maswali yenu

Toleo lililopita niligusia kwamba chanjo nyingi za ng'ombe hupita kwanza kwa simbilisi, panya na sungura wa maabara. Maswali yamemiminika.

Daktari, shikamoo. Mtamba wangu ana kilo 200, nyie mnapima chanjo yake kwa kijinyama cha kiganjani. Inakuwaje?

Marahaba. Inategemea ugonjwa. Chukua chambavu: paja limevimba, ukilibonyeza unasikia mchakato wa hewa chini ya ngozi. Bakteria wake humuua simbilisi kama anavyomuua ndama. Kwa utaratibu wa Ulaya, simbilisi wasiopungua 10 huchanjwa mara 2, kwa kupishana siku 28. Siku 14 baadaye wanadungwa bakteria hai pajani, pamoja na wenzao 5 wasiochanjwa. Mbegu za bakteria huchanganywa na kloridi ya kalsiamu, inayojeruhi nyama kidogo ili zipate pa kuchipua, sawa na ndama aliyepigwa pembe zizini. Katika 10, asife zaidi ya 1. Wale 5 lazima wafe wote. Wakipona, jaribio halihesabiki.

Kwa hiyo simbilisi akipona, ng'ombe wangu yuko salama?

Taratibu. Simbilisi anajibu swali moja tu: je, chupa za safari hii zina nguvu kama zile zilizokwisha kujaribiwa kwa ng'ombe wenyewe? Na kuna magonjwa asiyoyaweza. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, iitwayo T1/44, haisubiri panya. Vijidudu hai vilivyomo ndivyo vinavyohesabiwa, visipungue milioni 10 kwa dozi.

Nasikia chanjo ya ndigana kali inatoka kwa sungura.

Inatoka kwa kupe. Sungura anawalisha tu. Kupe wachanga hunyonya ndama mgonjwa. Wakishajivua na kukua, hufungiwa kwenye vifuko vya kitambaa masikioni mwa sungura, wanyonye siku 4 hivi. Hapo ndipo vimelea hukomaa kwenye tezi zao za mate. Kupe husagwa, rojo likaingia kwenye mtungi wa naitrojeni ya kugandishia. Sungura haugui ndigana, hivyo kipimo cha dozi hubaki kwa ng'ombe. Vimelea hivyo havijadhoofishwa hata kidogo, ndiyo maana mchanjaji anakuja na sindano 2, ya pili ikiwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu, dawa ya kuvidhibiti.

Hamuwaonei huruma?

Tunawaonea. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kupewa zamu ya kukagua vizimba alfajiri; si habari ya kusimulia mezani. Tangu 1959, wanasayansi wa Uingereza Russell na Burch walitaka wanyama hawa wabadilishwe kwa njia nyingine, wapunguzwe, na wapunguziwe maumivu. Kwa chambavu, kinga inaweza kupimwa kwenye damu ya simbilisi aliyechanjwa, bila kumdunga bakteria. Naliunga mkono hilo bila kusita.

Nilichanja, na bado chambavu kimeua ndama 2. Simbilisi walidanganya?

Kabla ya kuwasingizia: chupa uliiweka kwenye friza? Chanjo hii ikiganda imeharibika. Na ile sindano ya marudio, ulichoma?