Kitukuu Anaporudi Oz

Barua zenu kuhusu waandishi wanaoendeleza hadithi za wazee wao zimekuwa nyingi. Nazijibu hapa chache.

Ni kweli kuna Baum mwingine aliyeandika habari za Oz?

Ni kweli. L. Frank Baum, Mmarekani, alitoa The Wonderful Wizard of Oz, hadithi ya watoto kuhusu nchi ya kubuni iitwayo Oz, mwaka 1900. Kitukuu wake, Roger S. Baum, alitoa Dorothy of Oz mwaka 1989, kisha akaendelea na vingine.

Kabla yake Oz ilikuwa imelala?

Hata kidogo. Baum alipofariki mwaka 1919, mchapishaji alimkabidhi kazi Ruth Plumly Thompson, ambaye hakuwa wa ukoo. Kuanzia 1921 hadi 1939 alitoa kitabu kila mwaka, vyote 19. Baum mwenyewe ana 14.

Kwani jina la ukoo halitoshi?

Halitoshi, tena hapa nataka nikae kidogo. Mtoto hana habari na hati za urithi. Anachojua ni kwamba katika Oz, kwa watu waitwao Munchkin, upande wa mashariki, nyumba ni za buluu, uzio ni wa buluu, hata kofia ni za buluu. Kwa watu waitwao Winkie, magharibi, rangi ni njano. Mrithi akichanganya, mtoto atamnasa ukurasa uleule.

Na watoto hao wana sauti katika Oz tangu zamani. Mwaka 1910 Baum alitaka kuifunga hadithi, akamfanya Glinda, mchawi mwema wa Oz, aifiche nchi nzima isionekane. Barua za watoto hazikukoma. Mwaka 1913 akarudi, akieleza kwamba sasa habari za Oz zinamfikia kwa telegrafu isiyo na waya! Katika dibaji zake aliwashukuru watoto waziwazi kwa mawazo waliyompa. Kitukuu hakurithi wahusika tu. Alirithi na wasomaji wa namna hiyo, nao ndio wakali zaidi.

Yupo mrithi unayemwona kielelezo?

Laurent de Brunhoff wa Ufaransa. Mama yake, Cécile, ndiye aliyewasimulia yeye na mdogo wake kisa cha mtoto wa tembo. Baba yao, Jean, akakichora, na kitabu cha tembo huyo, Babar, kikatoka mwaka 1931. Jean alifariki mwaka 1937, Laurent akiwa na miaka 12. Mwaka 1946 akatoa Babar wake wa kwanza. Alikuwa msikilizaji kabla ya kuwa mwandishi, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa.

Nami nikitaka kuandika juu ya Oz, niombe ruhusa?

Vitabu 14 vya Baum sasa ni mali ya umma Marekani, yaani huko yeyote anaweza kuvitumia bila ruhusa. Vya waliomfuata, vingine bado vina wenyewe. Chunga viatu: katika kitabu cha Baum, Dorothy, yule msichana anayefika Oz, huvaa vya fedha. Vile vyekundu vilitoka kwenye filamu ya 1939, nayo ina wenyewe.

Mwanangu ana miaka saba. Tuanze na kipi, mwalimu?

Cha 1900, umsomee kwa sauti. Kisha Ozma of Oz, cha Baum pia, kwa ajili ya Billina, kuku mbishi asiyekubali kushindwa kwa maneno. Vya kitukuu vingoje hadi mtoto aizoee Oz yenyewe.