Namba zalingana, nyimbo zagongana

Swali: Shikamoo kaka. Nina miaka 20, naishi Muyeye hapa Malindi. Nataka kuanza u-DJ wa klabu, si kwa pesa bado, ni mapenzi ya muziki tu. Najifunza kwa programu ya bure kwenye kompyuta ya binamu yangu. Nikibonyeza SYNC, kile kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo, nyimbo mbili za amapiano, ule muziki wa dansi wa Afrika Kusini, zote zaonyesha 112, lakini zikipigwa pamoja zasikika kama kwato za punda kwenye lami. Kuna mtu mjini aniambia tatizo ni mashine. Ataniuzia kontrola ya mtumba, yaani meza ya kuchanganyia nyimbo, diski yenye nyimbo 50,000 na mafunzo ya wiki mbili, yote kwa shilingi 60,000. Ninazo 45,000. Nitafute zilizobaki?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usitafute. Hata hizo 45,000 usimpe.

Swali hili naletewa karibu kila wiki, na kila mara kuna mtu pembeni anayesema "tatizo ni mashine" kwa sababu mashine anayo yeye ya kuuza. Masikio yako yamesikia kosa ambalo skrini imelificha. Hayo masikio ndiyo mwanzo wa kazi hii, na huyo bwana anataka uyaache.

Namba 112 ni mwendo tu, midundo 112 kwa dakika. Haisemi mdundo wa kwanza uko wapi. Watu wawili waweza kutoka mtaa wa Barani hadi sokoni kwa mwendo mmoja, huyu akikanyaga wakati mwenzake anainua mguu. Ndizo kwato zako hizo: ngoma ya chini ya wimbo mmoja inatangulia, ya wimbo wa pili inaidandia kwa nyuma, pa-pa, pa-pa.

SYNC haisikilizi chochote. Inafuata mistari ambayo programu iliichora siku ulipouingiza wimbo. Mistari ikikaa pembeni ya mdundo, SYNC italinganisha kosa na kosa, na kwenye skrini utaona kila kitu kimenyooka. Amapiano inaihadaa programu mara kwa mara, kwa maana lile besi zito hupenda kuangukia katikati ya midundo. Sasa jaribu kuingiza chakacha. Chakacha inahesabika sita sita, na programu inagawa nne nne bila kuuliza. Taarabu ya zamani ni vivyo hivyo: wapigaji walikuwa watu, wakipata moto wanaharakisha. Mstari uliokaa sawa kwenye ubeti wa kwanza, kufikia wa tatu umeshapotea.

Kwa hiyo fungua wimbo, vuta mawimbi yake karibu, tafuta ngoma ya chini ya kwanza kabisa, usogeze mstari ukae juu yake. Kwato zitakwisha. Ukishamaliza hilo, zima SYNC na usiiwashe kwa miezi mitatu.

Najua hapo ndipo vijana hununa. Lakini fanya hesabu hii. Wimbo mmoja una 112, mwingine 113. Uanzishe zote pamoja sawasawa. Baada ya sekunde 30 zimeachana nusu mdundo, na hakuna mgongano mbaya kuliko huo. Una nusu dakika ya kusikia nani anakimbia, ukasukuma kitelezo cha mwendo kidogo, chini ya asilimia moja, ukatega sikio tena. Sikio moja ndani ya hedifoni, jingine nje kwenye spika. Mara 100, mara 200, hadi mkono ujibu kabla hujafikiri. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ilikuwa na kitelezo cha asilimia 8 juu na 8 chini, bila skrini yoyote, na watu walichezesha klabu nzima hadi alfajiri. Kwa kitelezo hicho hicho 112 yako inafika karibu 121. Na siku utakapoona kwamba singeli, ule muziki wa kasi wa Tanzania, ya 224 ni mara mbili ya 112, ukaipandisha juu ya amapiano bila mtu kuacha kucheza, hutauliza tena habari za mashine.

Kontrola ndogo utaihitaji baadaye: njia mbili na tundu la hedifoni, basi. Ukinunua mtumba uliofanya kazi hapa pwani, sogeza kila kitelezo polepole huku muziki unapiga. Kikikwaruza, hewa ya chumvi imeshaingia ndani.

Hizo nyimbo 50,000 ndizo zinazonikera zaidi. Kwa dakika tatu na nusu kila mmoja, ungekaa zaidi ya siku 120, usiku na mchana, kuzisikiliza mara moja tu. Nyingi zimenyofolewa kwenye video kwa ubora wa chini. Kwenye simu hutambui. Kwenye spika kubwa, matoazi yanalia kama mafuta yanayokaangia samaki. Na aliyeimba hapati hata senti. Nunua nyimbo 40, uzijue kama njia ya kwenu: sauti inaingia wapi, besi linaondoka lini, midundo 32 ya mwisho iko vipi. Unapoingiza wimbo wa pili, punguza besi la mmoja kwanza, maana mabesi mawili kwa pamoja ni tope.

Desemba moja niliitwa hoteli ya ufukweni kurekebisha sauti. Nilimkuta kijana wa watu, cheti chake cha wiki mbili kimewekwa plastiki, taa nyekundu za mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, zimeganda juu. Kila watu walipotoka uwanjani, yeye aliongeza sauti. Alifundishwa SYNC. Hakufundishwa kwamba nyekundu ni sauti iliyokatwa vichwa. Nilifungua spika nikanusa harufu ya waya ulioungua: twita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimekwenda. Alikatwa malipo yote ya usiku ule, na msimu ulipoisha hakuitwa tena. Mwalimu wake hakukatwa kitu.

Vijana kama huyo wakikosa hoteli, anayewapokea ni mwenye disko matanga, ile disko ya usiku kwenye msiba. Kilifi nzima inajua yanayowapata mabinti wa shule usiku ule, na serikali imezipiga marufuku disko hizo zaidi ya mara moja. Mzazi unayesoma hapa, ukitaka kuuza mbuzi ili mwanao alipie mafunzo ya haraka, uliza kwanza hao waliomaliza mwaka jana wanapiga wapi. Uliza pia kama mwalimu aliwahi kutaja masikio. Kelele ya desibeli 100 inatosha kuumiza kwa dakika 15 tu, na klabu hufika hapo kwa urahisi. Nawajua wenzangu ambao leo hawasikii adhana vizuri.

Ukitaka kumpima huyo wa mjini, nenda na nyimbo mbili zako kwenye flashi, moja iwe chakacha. Mwombe afunike skrini kwa kanga, azichanganye kwa dakika mbili. Akianza kukueleza kwa nini haiwezekani, chukua flashi yako urudi Muyeye.