Mbweha si mungu, ni mjumbe

Je, Wajapani huabudu mbweha, wale wa mawe wanaoonekana kwenye picha za mahekalu yao? Hapana, mbweha haabudiwi. Anayeabudiwa ni Inari, mungu wa mpunga na mavuno katika Shinto, dini ya asili ya Japani, ambaye baadaye wafanyabiashara nao walimkimbilia. Huchorwa mara kama mzee aliyebeba mpunga, mara kama mwanamke. Hao mbweha wa mawe ni wajumbe wake tu. Watazame mdomoni: wengine wameng'ata ufunguo wa ghala la mpunga, wengine suke au kito. Ghala lina mwenyewe, wao wametumwa. Hekalu kuu la Inari, Fushimi kule Kyoto, ambalo kwa mapokeo lilianza mwaka 711, nalo linafundisha hivyo hivyo.

Na yale malango mekundu ya Fushimi yaliyofuatana mpaka mlimani si mapambo ya kuvutia watalii (ingawa wanajazana kweli). Yametolewa na watu binafsi na kampuni, kuomba au kushukuru. Pita upande wa nyuma utaona jina la mtoaji na tarehe vimeandikwa kwenye nguzo.

Kinachowachanganya wengi ni zile tofu (vipande vya soya iliyogandishwa) za kukaanga wanazowekewa mbweha, ukiziona utadhani ndio wanaoabudiwa. Tena Ubudha nao umo: Dakiniten, mungu wa Kibudha anayechorwa amepanda mbweha mweupe, alikuja kuunganishwa na Inari, na Toyokawa Inari kule Aichi mpaka leo ni hekalu la Kibudha, si la Shinto.