Sinki libaki lilipo, kaunta ifuate kiwiko

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwenye fedha za kuungaunga anayetaka kukarabati jiko lake aanzie wapi? Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Moshi, na wateja wengi hunijia na picha za makabati kwenye simu. Makabati ndiyo ya mwisho.

Kwanza, sinki liache pale lilipo. Ukilihamishia ukuta wa pili umejinunulia kupasua sakafu, kulaza bomba jipya la maji machafu hadi kwenye chemba, na kuziba kote ulikopasua. Bomba lile la inchi mbili linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, kwa hiyo chumba kikiwa kirefu utachimba haswa. Fedha hiyo mpe fundi umeme. Jiko kubwa la umeme livutiwe waya wake lenyewe, milimita za mraba 6, na soketi za kawaida 2.5. Nyaya na mabomba vipite ukutani kabla ya plasta, na maji yafunguliwe yalale usiku mzima kwenye mabomba kabla fundi marumaru hajaingia. Akishaingia, kila kilichosahaulika kinalipiwa mara mbili.

Wala usikimbilie kuongeza chumba. Lile jiko la Frankfurt, Ujerumani, alilobuni mchora majengo Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926 lilikuwa na mita 1.9 kwa 3.4 tu, na lilijengwa kwenye nyumba za bei nafuu zipatazo 10,000. Aliyesimamia mradi huo ni Ernst May, huyohuyo aliyekuja baadaye kuchora jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, tunalopishana nalo kila siku hapa mjini. Ila jiko lile lilipimwa kwa mwanamke mmoja anayepika peke yake. Kwetu yupo mama, yupo wifi, na kuna mtu amekalia mbuzi anakuna nazi. Chumba kiwe kidogo sawa, lakini pabaki sehemu ya sakafu isiyo na kitu.

Sasa kaunta, ambayo ndiyo roho ya jiko. Mafundi wengi wanaimwaga yote kwa kimo kimoja, sentimita 90, kwa sababu ndivyo walivyozoea. Kwa kukata mboga na kuosha vyombo, sawa. Lakini weka juu yake jiko la gesi la mezani, halafu sufuria kubwa, halafu mwambie mtu asonge ugali wa watu wanane. Mdomo wa sufuria unamfika kifuani, viwiko vinapanda juu, na nguvu yote anaitoa mabegani. Ugali unasongwa kutokea juu, kwa uzito wa mwili. Kwa hiyo mimi huchora sehemu ya jiko la gesi ikishuka hadi sentimita 70 hivi, upana wake mita moja, na iliyobaki inapanda. Kimo cha kukatia kinapatikana bila vitabu: anayepika asimame wima, akunje mkono, na kaunta iwe upana wa kiganja kimoja chini ya kiwiko chake. Apimwe mpishi mwenyewe. Mara nyingi anayepimwa ni baba mwenye nyumba, ambaye hata chai hachemshi.

Slabu ya zege ya inchi tatu yenye nondo, ikilala juu ya kuta fupi za tofali, inatosha kabisa, na hapo umeshapata rafu chini yake. Imwagiliwe maji siku saba, hata kama fundi ana haraka ya kwenda saiti nyingine. Makabati ya chipubodi yanavimba pale tu sinki linapoanza kuvuja. Zege halivimbi, na mchwa haliwahusu. Marumaru nayo ya kiasi. Ukuta wa mita tatu ukiupandisha marumaru sentimita 60 tu juu ya kaunta, unanunua mita za mraba 1.8. Ukiuvika wote kuanzia sakafuni hadi mita 2.7, unanunua 8.1. Kwingine pakaa rangi ya mafuta, inafutika.

Mtungi wa gesi ukae nje, mpira upite ukutani. Kama lazima ukae ndani, usiufungie kabatini pasipo matundu, na matundu hayo yawe chini kabisa, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni.

Ndipo uje kwenye milango. Chini ya sinki acha wazi, ndoo ziingie na uvujaji uonekane mapema. Rafu nyingine zivishe pazia la kitenge. Ukibakiwa na fedha ya mlango mmoja tu, upeleke kwenye rafu ya unga na mchele, kwa ajili ya panya.