Kabla ya kununua makopo mapya ya jikoni, anza na mifuniko

Toa mifuniko yote, iweke sakafuni, kila mmoja utafutiwe sufuria au kopo lake. Usiopata mwenzake uende. Kwetu hapa Moshi, zoezi hilo peke yake lilifungua rafu nzima, na halikugharimu hata shilingi.

Baada ya hapo utakutana na kazi yenyewe: vyombo vya Desemba. Nyumba nyingi za huku zina sufuria la pilau la ukoo mzima, masinia, na hotpoti za kichen pati ambazo bado zimo kwenye boksi. Ndugu wakipanda kutoka Dar vyote vinahitajika, kwa hiyo sisemi uvitupe. Ila kwa nini vikae rafu ya usawa wa mkono, halafu sufuria ya uji ya kila asubuhi uipandie kigoda? Vya wageni vifungie kwenye ndoo kubwa zenye mifuniko, viende stoo au juu ya kabati.

Kwenye kugawa, uliza kwanza. Mama mkwe wangu alishika birika lililotoboka akasema, “Hilo nililetewa kwenye kipaimara cha mume wako.” Birika lipo mpaka leo, lina vijiko. Sufuria za alumini zilizopasuka hazina ubishi namna hiyo, wanunuzi wa chuma chakavu huzichukua kwa kilo. Kagua mizani tu.

Chakula kikavu ndicho ninachokikazania zaidi. Mzigo wa mahindi au maharage ukishuka kutoka kijijini, usimwagie mapya juu ya yaliyobaki. Ya zamani yakiwa na wadudu, umewapelekea mlo. Maliza ya zamani, osha ndoo, ikauke kabisa, ndipo ujaze. Dumuzi hutoboa hata mbao, sembuse mfuko wa nailoni, kwa hiyo chombo kiwe kigumu na kifunge vizuri. Dona nunua kidogo kidogo: kiini cha mahindi kina mafuta, na unga wake huchacha mapema kuliko sembe. Masika ikianza, magunia yasiguse sakafu wala ukuta, yapandishe juu ya mbao. Mahindi au karanga zikiota ukungu, tupa bila huruma, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Viazi vikae gizani penye hewa, maana mwanga huvifanya kuwa vya kijani na vichungu. Vitunguu vipe kikapu chake, mbali kidogo.

Kuna mtindo wa kuficha mtungi wa gesi ndani ya kabati ili jiko lipendeze. Mimi siupendi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na kabati lililofungwa huikusanya. Kama fundi ameshakujengea kabati la namna hiyo, mwambie atoboe matundu chini kabisa, yanayotoa hewa nje ya nyumba. La sivyo, mtungi uonekane tu, hata kama wageni watauona.