Barua kwa mwanangu: kalenda ya shangazi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Umeuliza kwa mstari mmoja tu: "Baba, hivi shangazi naye alikuwa na PCOS?" Yaani ule ugonjwa wa homoni unaovuruga hedhi na ovari. Mama yako akasema jibu wewe, huyo ni dada yako. Basi mwanaume mzima nimekaa hapa barazani Nyegezi naandika habari za hedhi. Usicheke.

Zile karatasi za daktari ulizonipigia picha nimezisoma na miwani, taratibu. Nilivyoelewa, wanaangalia mambo matatu: hedhi inayoruka-ruka, homoni za kiume kuzidi, iwe kwa kuonekana (ndevu, chunusi zisizoisha, nywele za utosini kupungua) au kwa kipimo cha damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye utrasaundi. Ukiwa na mawili kati ya hayo, na wameshahakikisha si mimba, si tezi ya shingo, si jambo jingine linalofanana, ndipo wanakuandikia jina hilo. Wataalamu walikubaliana hivyo Rotterdam mwaka 2003. Mwaka 2003 shangazi yako alikuwa ameshazoea kuitwa kila jina, yupo Mwaloni Kirumba anauza dagaa, na hakuna aliyewahi kumpima chochote zaidi ya malaria. Hilo ndilo jibu fupi.

Shingo yake unaikumbuka. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa anamkalisha kwenye jiwe kila Jumamosi, anamsugua kwa dodoki na sabuni ya kipande mpaka ngozi inawaka, huku anamwambia msichana gani hajui kuoga. Weusi hautoki. Ulikaa kwenye mikunjo ya shingo na makwapani, mzito, laini kama mahameli ukiugusa. Leo ndiyo nasoma kwamba weusi wa namna ile si uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba mwili hauisikii vizuri insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, kwa hiyo unaitengeneza kwa wingi zaidi, na insulini ikizidi inazichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi. Hapo mayai yanaanza kukua halafu yanakwama njiani. Vile vifuko wanavyoviona kwenye utrasaundi ndiyo hayo yaliyokwama, si uvimbe wa kupasuliwa. Ndevu za kidevuni alikuwa anazinyoa kwa wembe wangu. Nilijua, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijaota na wembe unaisha makali.

Wala hakuwa mnene. Mtu akikwambia huu ni ugonjwa wa wanene, muulize shangazi yako alikuwa na unene gani.

Sasa ya Busisi, ambayo mama yako ananikataza kuisimulia kwa sababu nikianza silali. Mwaka 1987 aliitwa baba, akanituma mimi. Wakwe wa shangazi yako wameketisha kikao: miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna. Nikavuka kwa pantoni pale Kigongo, wakati huo hata wazo la daraja halipo. Nimekaa kwenye mkeka na wazee wao, mama mkwe akaingia na kalenda ya parokia imeviringwa. Akaikunjua mbele yetu. Ilikuwa inatundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha shangazi yako, na ndani yake kulikuwa na misalaba midogo ya kalamu ya bluu, mmoja hapa, mwingine kule. "Someni wenyewe," akasema. "Mke gani anaandika misalaba kwa siri? Huyu anafunga kizazi." Mganga wao alikuwa ameshawathibitishia.

Mimi nilikuwa karani wa mizani ya pamba. Macho yangu yakiona alama yanahesabu, hata sijayatuma. Misalaba mitano, mwaka mzima. Toka Mei mpaka Oktoba, hakuna kitu. Sikuelewa maana yake, nikamtazama dada yangu, naye ameinamia kanga yake. Alikuja kuniambia kwenye pantoni wakati wa kurudi, sanduku lake katikati yetu: "Zile ni siku zangu. Nilitaka kumwonyesha muuguzi, nisikosee." Karatasi zako zinasema hedhi chini ya nane kwa mwaka ni ya kuulizwa hospitali. Yeye alikuwa na jibu zima limeandikwa, wakaliita uchawi na kulichoma jikoni. Ng'ombe wao walirudi wote, na ndama juu, ndama aliyezaliwa zizini kwetu! Juzi juzi nimevuka kwenye lile daraja lililofunguliwa Juni 2025, dakika chache tu uko ng'ambo, na bado nilimkumbuka yule ndama.

Unajua nilivyowalea: kisichoandikwa hubishaniwa. Mkulima akija na pamba yake bila kijitabu, ugomvi. Ndiyo maana nakwambia andika tarehe zako, kila mwezi. Utaniambia, baba, shangazi aliandika na ndiyo ikamponza. Hapo huwa nakwama. Nikiwaza sana naona kilichomponza si kalamu, ni yule aliyeisoma. Halafu nawaza tena: angeficha ile kalenda sandukuni, si angebaki kwake? Angebaki na nani, kwa faida gani? Basi andika, lakini iwe kwenye simu yenye namba ya siri. Na ukipita miezi mitatu bila kuona siku zako, na huna mimba, usikae ukasema ndivyo nilivyo. Ukuta wa kizazi unazidi kuwa mnene bila kutoka, na baadaye unaweza kuleta ubaya mkubwa. Hilo wana dawa zake.

Daktari amekuuliza kama kwetu kuna sukari, hukuniuliza ila nakujibu. Ipo. Mimi ninayo, unajua. Shangazi yako alianza nayo kabla hajafika arobaini na tano. Bibi yako na kile kidonda cha mguu, leo nisingekiita chango wala kurogwa. Mwambie yote hayo, na upimwe sukari sasa, hata kama unajiona mzima, na upimwe tena kila baada ya mwaka au miwili.

Na usilie habari ya watoto. Kaka yako wa Igoma, mtoto wa shangazi, unadhani alitokaje? Shangazi alishaolewa tena na yule baba wa mitumbwi, umri umekwenda, siku zake haziji kama kawaida yake. Akawa analalamika gesi tumboni, anakunywa magadi. Gesi ikaanza kupiga mateke! Mimba ya miezi mitano, na mwenye tumbo hana habari. Tulicheka Mwaloni nzima, na yeye alicheka kuliko sote. Siku hizi hata kusubiri hivyo si lazima, kuna vidonge vya kusaidia yai litoke, daktari atakueleza wakati wako ukifika. Ila yule mama wa Kirumba anayeuza chupa za kuyeyusha vifuko, mpite kama hujamwona.

Sasa unataka niseme ndiyo au hapana. Shingo ilikuwepo, ndevu zilikuwepo, misalaba niliihesabu mwenyewe, sukari ikaja. Mizani ingekuwa yangu ningeshaandika uzito. Lakini hakupimwa damu, tezi yake hakuna aliyeiangalia, na amelala kaburini hawezi kujibu. Mama yako anasema niache, na safari hii naacha, ingawa kalamu inaniwasha.

Majibu ya sukari yakitoka nitumie namba yenyewe, sitaki "iko sawa baba". Na uandike kama ulipimwa umekula au hujala.

Baba yako